Gari Juu ya Jeki: Kinacholishikilia na Kisicholishikilia

Jumapili asubuhi, pita mtaa wowote wa Dar es Salaam, utakutana na miguu miwili yenye kandambili imechomoza chini ya Toyota IST. Tairi la mbele limetolewa na kuegemezwa ukutani. Gari limekaa juu ya jeki pekee. Redio inaimba, mtoto katumwa kuleta spana namba 14, na mpita njia anaisalimia ile miguu: "Shikamoo, mzee." Miguu inaitikia: "Marahaba." Hakuna anayeshtuka, kwa sababu jana na juzi ilikuwa hivyo hivyo na gari halikuanguka. Mafundi wa gereji bubu hushinda chini ya magari kwa mtindo huo, na wengine wamezeeka nao. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulizungumza: mtu unayemwonya ana ushahidi wa miaka 20 kwamba wewe ni mwoga tu.

Ukimuuliza mzee huyo anaogopa nini, kama anaogopa chochote, atasema jeki isije ikakatika. Halafu atakutoa wasiwasi: hii ni ya tani mbili, na gari zima ni kama tani moja. Hesabu yake haina kosa. IST ina uzito unaokaribia tani moja, na kwa kuwa injini imekaa mbele, kila tairi la mbele linabeba kama kilo 300. Jeki ya tani mbili hailemewi na kilo 300.

Ila magari mengi hayaanguki kwa sababu jeki imezidiwa. Gari husogea kwanza. Linasogea sentimita chache kwenda mbele, nyuma au ubavuni, jeki inainama, kichwa chake kinachomoka, na hapo ndipo uzito unashuka. Zile tani mbili zilizopigwa chapa kwenye jeki ni za mzigo unaokandamiza wima. Mzigo ukianza kusukuma kutoka ubavuni, namba hiyo haikusaidii kitu. Kwa hiyo karibu kila tahadhari nitakayoitaja hapa chini inapigana na adui mmoja, nao ni ule mwendo mdogo wa pembeni.

Kwa nini jeki hulala

Mwendo huo huanza na wewe mwenyewe, unapoinua. Gari likiinuliwa upande mmoja, upande wa pili unabaki chini na kufanya kazi kama bawaba. Kitu kilichofungwa kwenye bawaba hakiwezi kupanda wima, lazima kichore upinde, kama mlango unavyochora sakafuni. Sehemu iliyokalia jeki inapanda na papo hapo inajivuta kuelekea upande ulioko ardhini. Ukiinua ubavu wa gari dogo sentimita 30, mvuto huo unaweza kufika sentimita sita au saba.

Jeki kubwa ya gereji, ile ndefu yenye magurudumu ya chuma, imeundwa kwa kulijua hilo. Iweke kwenye sakafu ya saruji kisha uitazame unapopampu: inajisogeza yenyewe polepole chini ya gari, kufuata upinde. Watu wengi wanadhani magurudumu yale ni ya kurahisisha kuiburuta kutoka stoo. Sasa iweke kwenye mchanga wa Kigamboni. Magurudumu yanazama, jeki inashindwa kufuata, na ukingo wa gari unateleza juu ya kichwa chake mpaka unabaki umeshikwa kwa ncha. Ukiwa umesimama huoni chochote, gari linaonekana limepanda vizuri.

Jeki ya mkasi, ile ya kuzungushwa kwa mkono, haina magurudumu kabisa na kitako chake kinatoshana na kiganja. Gari likijivuta, jeki haina la kufanya ila kuinama nalo. Wahandisi waliotengeneza IST hawakukosea kuiweka kwenye buti. Waliiweka kwa ajili ya kubadilisha tairi, kazi ambayo mtu huifanya akiwa amechuchumaa nje, mikono ikiwa ubavuni mwa gari na kichwa kikiwa mbali. Mara nyingi kibandiko cha onyo kipo ubavuni mwa jeki hiyo, kimeandikwa Kijapani, na huku kwetu kinasomwa na nani?

Ardhi nayo ina vituko vyake. Mchanga nimeshautaja. Lami ya saa nane mchana hulainika kwa jua, na kitako chembamba cha jeki hujichimbia taratibu wakati wewe umeshazama kwenye kazi. Matofali ya kupanga uani huzama moja moja kama chini hayakushindiliwa. Mteremko, hata ule usioonekana kwa macho, unafanya kazi bila kupumzika: weka gololi au chupa tupu ardhini uone inaelekea wapi. Kama nyumbani huna sakafu ya saruji iliyo sawa, tafuta ubao mgumu wenye unene wa inchi mbili na upana unaozidi kitako cha jeki pande zote. Ubao unatawanya uzito ili ardhi isibonyee. Mteremko hautibiwi na ubao. Hapo kazi inahama kwenda kwa jirani mwenye uwanja.

Breki ya mkono na P

Dereva wa gari la otomatiki akishavuta breki ya mkono na kuweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, anajiona amefunga mlango kwa kufuli mbili. Tatizo ni kwamba kila kufuli inafunga magurudumu fulani tu, na huenda ndiyo hayo unayotaka kuyapandisha hewani.

Chukua IST, Vitz au Premio zinazosukumwa na magurudumu ya mbele. P inafunga gia, na gia imeungana na magurudumu ya mbele. Breki ya mkono inakamata ya nyuma. Ukiinua mbele yote, P inabaki imeshikilia magurudumu yanayoning'inia, na gari linategemea breki ya mkono pekee. Ukiinua nyuma, breki ya mkono ndiyo inayokamata hewa na P inabaki peke yake. Mpaka hapo angalau kufuli moja inafanya kazi.

Sasa inua tairi moja tu la mbele, kama mzee wetu wa Jumapili. Akili ya kawaida inasema tairi la pili la mbele bado liko ardhini na P bado inalishika. Haliko hivyo, na mkosaji ni difu. Kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa mwendo tofauti ili gari likate kona bila kuburuta tairi. Ukifunga upande unaoingia kwenye difu, yaani ukiweka P, magurudumu hayo mawili bado yanaweza kuzunguka, ila moja litakwenda mbele na jingine nyuma. Yote yakiwa ardhini hilo haliwezekani, kwa hiyo gari linatulia. Moja likiwa hewani hakuna kinacholizuia: tairi la ardhini linabingirika kwenda mbele, na lile la hewani linazunguka kinyume chake bila kelele. Unaweza kulithibitisha kwenye gari lililoinuliwa magurudumu yote mawili ya mbele na kukaa juu ya stendi. Likiwa kwenye P, zungusha tairi moja kwa mkono, uone la pili linavyorudi nyuma.

Kwa hiyo IST iliyoinuliwa kona moja ya mbele haina P. Ina breki ya mkono tu. Na hapa lazima nikuulize swali la aibu kidogo: mara ya mwisho kuikaza kamba ya breki ya mkono ilikuwa lini? Wenye magari ya otomatiki wengi hawaivuti kabisa, wanaegesha kwa P, kamba inalegea miaka na hawajui. Siku ya kuinua gari ndiyo siku wanayoivuta, nayo inapanda hadi juu bila kukamata. Gari hilo halijashikwa na kitu chochote isipokuwa jeki yenyewe.

Magari yanayosukumwa kwa nyuma, kama Hiace, Mark II na Noah za zamani, yana balaa lake. P na breki ya mkono zote mbili ziko kwenye magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma yote, magurudumu yaliyobaki ardhini ni ya mbele, na hayo hayashikwi na kitu. Gari zito namna hiyo linaweza kusukumwa na mtoto. Kwenye Land Rover Defender za zamani na nyingi za ukoo wake zilizozitangulia mambo ni tofauti tena: breki ya mkono haiko kwenye magurudumu, imekaa kwenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, nyuma ya giaboksi. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu inafanya ule ujanja wake na breki ya mkono inapotea, hata kama umeivuta kwa mikono miwili. Wenye Land Rover wa siku nyingi hawasahau kubeba magogo ya kuzuia tairi, na wengine hawakuwahi kuelezwa sababu.

Dawa ya yote haya ni kabari. Weka mbele na nyuma ya kila tairi linalobaki ardhini, na uziweke kabla ya kuinua, maana mwendo unaanza wakati wa kuinua. Jiwe la duara lililookotwa barabarani linabingirika pamoja na tairi. Nenda kwa seremala, omba vipande vya mbao ngumu, akukatie pembetatu zenye kimo cha kiganja. Gharama yake haifiki hata bei ya chai na chapati za mafundi.

Ndani ya jeki

Nimesema jeki haivunjiki kwa uzito, lakini sikusema inaaminika. Jeki ya mafuta, iwe ya chupa au ya magurudumu, inafanya kazi kwa kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukiyabana mafuta yaliyofungiwa, mgandamizo unasambaa sawa kila upande. Pistoni nyembamba unayoipampu inasukuma mafuta chini ya pistoni nene. Ikiwa ile nene ina eneo mara 30 ya nyembamba, nguvu inazidishwa mara 30. Ndiyo maana mtu wa kilo 60 anainua Prado huku akipiga soga.

Ukishaacha kupampu, kinachozuia mafuta yasirudi ni vitu viwili vidogo mno: pete ya mpira inayoizunguka pistoni, ambayo mafundi huiita sili, na gololi ya chuma iliyokaa kwenye kitundu chake. Punje ya mchanga ikikaa chini ya gololi, mafuta yanavuja na gari linashuka kidogo kidogo. Sili ikikauka kwa joto na miaka, inaweza kupasuka mara moja. Mwenye jeki akiona mafuta yamepungua humimina mafuta ya breki kwa sababu ndiyo yaliyopo kabatini, naye anaiua sili bila kujua: mpira wake ulitengenezwa kwa ajili ya mafuta ya haidroli, na mafuta ya breki huuvimbisha na kuulainisha. Gari zima liko juu ya pete ya mpira. Siku ukilala chini, likumbuke hilo.

Kisha kuna mpini. Kwenye jeki nyingi za magurudumu, mpini ule ule wa kupampu ukiuzungusha unafungua vali na gari linashuka. Mtoto mtundu anaona usukani. Ukishamaliza kuinua, chomoa mpini uuweke mbali.

Stendi, matofali na magogo

Kinachotakiwa chini ya gari wakati wa kazi ni kitu kisicho na mafuta, kisicho na gololi, chenye miguu mipana, chuma kimekalia chuma. Hiyo ndiyo stendi ya jeki. Jeki inainua, stendi inashikilia. Inauzwa kwa pea, nawe zitumie kwa pea. Ipo ya pini, ambayo unachomeka msumari mnene kwenye tundu, na ipo ya meno, ambayo unavuta juu ikajikamata yenyewe. Mimi ni mtu wa pini. Pini ama imeingia ama haijaingia, nawe unaiona kwa macho. Meno yanaweza kukamata nusu na wewe ukadhani yamekaa. Si hofu ya kubuni: mwaka 2020 kampuni ya Marekani ya Harbor Freight iliziita zirudishwe stendi zaidi ya milioni moja za chapa yake ya Pittsburgh, kwa sababu meno hayakuwa yakikamata sawasawa na stendi zingeweza kushuka ghafla. Sehemu ya zile zilizotolewa badala yake nazo zikarudishwa baadaye kwa hitilafu za uchomeleaji. Kama hayo yanatokea kwa bidhaa za kiwandani, wewe unayenunua Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, stendi iliyochomelewa kwa bomba na nondo, itazame kwa jicho kali. Geuza, angalia kila mshono. Mshono mzuri umepenya chuma na unazunguka bila kukatika. Mshono mbaya una matundu kama andazi, au umepakwa rangi nene ili usiuone.

Ile namba ya tani kwenye stendi isome vizuri: kwenye nyingine ni uwezo wa kila moja, kwenye nyingine ni wa pea nzima.

Mahali pa kuziweka ni sehemu ngumu ya gari. Magari mengi madogo yana mshono mnene wa chuma chini ya milango, na kuna alama mbili za kata, moja nyuma ya tairi la mbele na nyingine mbele ya tairi la nyuma. Hapo ndipo pa jeki ya mkasi na mara nyingi ndipo pa stendi. Jeki ya magurudumu inaweza kuinulia kwenye boriti ya kati inayobeba injini, kama kitabu cha gari kinaruhusu. Usiinulie kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, wala kwenye bati la sakafu. Na ugonge kabla ya kuamini. Magari ya mtumba yaliyotumika kaskazini mwa Japani yametembea juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, halafu yanakuja kuishi Tanga, Mombasa au Unguja ambako upepo wenyewe una chumvi. Kwa juu rangi inang'aa, kwa chini mshono umeliwa kama biskuti. Ukigonga kwa mpini wa bisibisi, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kopo lenye unga.

Asiye na stendi hukimbilia tofali la saruji. Naelewa kwa nini: lipo, ni zito, linabeba ghorofa. Lakini ndani ya ukuta tofali linabeba mzigo uliotandazwa juu ya uso wake wote, kupitia udongo wa saruji. Chini ya gari linabeba mzigo wote kwenye mstari mwembamba wa chuma, upana wa kidole. Saruji ina nguvu ya kubanwa lakini haina nguvu ya kuvutwa, na mzigo wa namna hiyo unaipasua kama kabari inavyopasua kuni. Zaidi ya hapo, tofali haliagi. Chuma kinapinda kwanza, mbao zinalia kwanza, ila tofali liko zima na sekunde inayofuata ni vipande. Lile lenye matundu ndilo baya kuliko yote.

Kama lazima utumie kitu cha nyumbani, tumia mbao. Vipande vinene vya mbao ngumu, vilivyonyooka, ukivipanga viwili hivi na viwili vikikatiza juu yake kama kichanja, vinafanya msingi mpana usiolala. Waokoaji hutumia mbao kwa mpango huo huo kuzuia magari yaliyopinduka. Kichanja kisizidi kimo kuliko upana wake.

Rula na kifua

Fanya jaribio dogo kabla ya kuendelea kusoma. Lala chali sakafuni, mtu akupimie kwa rula kutoka sakafu hadi juu ya kifua chako. Wengi watapata sentimita 20 na ushei. Kisha mpime gari lako: kutoka ardhini hadi chini ya boriti au sampu, magurudumu yakiwa yamefungwa, magari mengi madogo yana kama sentimita 15. Yaani hata gari likishuka likakaa juu ya magurudumu yake yote manne, wewe hutoshi humo. Tairi likiwa limetolewa, nafasi inapungua zaidi.

Kwa sababu hiyo mafundi waangalifu husukuma tairi lililotolewa chini ya ukingo wa gari, ili gari likianguka likutane nalo. Ni tabia nzuri, ila ipigie hesabu. Tairi la 185, yaani lenye upana wa milimita 185, likilazwa lina kimo cha sentimita 18 na nusu hivi, bado pungufu ya kifua. Weka ubao mnene juu yake ufikie 25, hapo umejinunulia nafasi ya kupumua.

Kupumua ndilo neno lenyewe. Tunapomfikiria aliyeangukiwa na gari tunafikiria mifupa iliyovunjika, na ipo, lakini wengi huuawa na kitu kimya zaidi. Mapafu hayana misuli yake. Hewa inaingia kwa sababu mbavu zinapanuka na kiwambo cha chini kinashuka. Kifua kikikandamizwa hakipanuki, kila pumzi inayotoka haina mwenzake wa kurudi, na ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Sauti nayo hutengenezwa kwa hewa, kwa hiyo mtu huyo hawezi kupiga kelele. Redio itaendelea kuimba, mkewe yuko jikoni, naye hatasikia lolote. Usifanye kazi hii peke yako. Si lazima awe fundi. Awe mtu anayekuona na anayejua kutumia jeki.

Na jeki ya pili iwepo, imekaa pembeni, mpini umechomekwa. Ile ya kwanza itakuwa imelala chini ya gari pamoja na wewe. Kifua kikiwa kimebanwa hakuna kungoja gari la zimamoto. Piga simu, 114 kwa Tanzania, 999 au 112 kwa Kenya, lakini mtu mwingine awe anainua tayari. Watu wanane au kumi wakijipanga ubavu mmoja wanaweza kuinua upande wa gari dogo, kila mmoja akibeba kilo 50 hivi. Magurudumu ya upande wa pili yawe yamezuiwa, na kila sentimita inayopatikana ifuatwe na ubao chini ya gari, maana mikono inachoka. Akishatoka, mlaze bila kumkunja shingo wala mgongo, na apelekwe hospitali hata kama amesimama na kusema yuko salama.

Unapokuwa chini

Kabla hujaingia, sukuma gari. Si kwa vidole, kwa nyonga, kwa nguvu kuliko utakayoitumia ukiwa chini, mbele na ubavuni. Likitikisika, jambo limeisha: unashusha na kuanza upya. Watu huona haya kulitikisa gari kwa hofu kwamba litaanguka. Basi liangushe wewe ukiwa nje.

Nguvu yenyewe utakayoitumia ni kubwa kuliko unavyodhani. Nati ya tairi ya Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyutonimita 103. Kwa spana ya nusu mita hiyo ni kama kuvuta kilo 20 kwa upande. Boliti ya egzosi iliyoshika kutu itadai zaidi, utachomeka bomba kwenye spana uirefushe, uweke miguu kwenye tairi uvute. Unavuta nini? Unalivuta gari kutoka juu ya kilicholishikilia, tena ukiwa chini yake. Nati zote ngumu zilegezwe robo mzunguko gari likiwa bado ardhini. Boliti isiyofikika ukiwa nje ipakwe mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, na ukikaza au kulegeza, vuta kuelekea chini kuliko ubavuni.

Kingine kinachosahaulika ni mizani. Ukitoa giaboksi au injini kwenye gari lililokaa juu ya stendi, umeondoa kilo nyingi mbele, na kiini cha uzito kimehamia nyuma. Gari lililokuwa limetulia asubuhi linaweza kuanza kuinua pua mchana. Kazi za namna hiyo, kwa maoni yangu, si za uani. Kumwaga oili, ambako ndiko kazi ya nyumbani ya watu wengi, hakuhitaji hata jeki kama una rampu mbili imara, vile vipandio vya mteremko: gari lizipande lenyewe magurudumu yakiwa mahali pake, kisha kabari ziwekwe nyuma. Na injini isiungurume ukiwa chini, kwa sababu ya moshi na kwa sababu ya gia.

Wakati wa kushusha ndipo watu hulegea, maana kazi imekwisha na mikono inanuka oili. Rudisha jeki mahali pake, inua kidogo hadi stendi zilegee, zitoe kwa mguu au kwa fimbo bila kuingiza kichwa. Halafu kabla ya kugusa vali piga magoti, angalia chini kote, upande wa pili pia: spana iliyosahaulika, paka aliyefuata kivuli, na yule mtoto uliyemtuma spana namba 14. Ukishamwona yuko wapi, fungua vali polepole, chini ya robo mzunguko, gari lishuke kama linavyotaka. Kabari ziondoke mwisho.